Ufunguo wa Kompyuta ya Ofisi ya Mvua

Jumatatu, 4 Machi

Leo simu imepigwa. Si kwangu. Kwa mke wangu! Mwalimu mmoja wa chuo, sauti laini kama ya mtu anayeuza bima, anamtafuta shemeji yangu. Chuo kinafanya maonyesho ya kompyuta za zamani Jumamosi ya tarehe 16, na wameiokota ile kompyuta yetu ya Ofisi ya Mvua, tulikofanya kazi ya kupima mvua, kwenye stoo, chini ya viti vibovu. Sasa wanamtaka Mtumiaji wa Kwanza. Aje aiwashe mbele ya watu, apigwe picha, picha itundikwe ukutani ibaki hapo daima.

Na wameambiwa Mtumiaji wa Kwanza ni shemeji! Mpiga chapa! Mdogo wa kike wa mke wangu, ambaye hata kazi pale nilimtafutia mimi. Yaani siku ya usaili nilimwonyesha mlango wa kuingilia.

Mimi nilikuwa Mtunza Stoo. Kompyuta ilipofika, nani aliipokea? Nani alitia sahihi? Nani aliifungua boksi kwa kisu chake mwenyewe? Miaka thelathini na zaidi nimewaambia ukoo mzima, kwenye harusi, kwenye vikao, hata wodini nilipolazwa, kwamba mtu wa kwanza wa kompyuta katika ukoo huu ni mimi. Picha ya shemeji ikitundikwa pale, mimi ni mwongo. Basi.

Nikampokonya mke wangu simu. Nikamwambia Mwalimu kuwa anaongea na Mtumiaji wa Kwanza mwenyewe. Akauliza niliitumia kwa kazi gani. Nikamwambia kazi nyeti.

Mke wangu kasema, kwa sauti ya kutosha kusikika simuni, kuwa hajawahi kunisikia nimeandika hata jina langu kwenye mashine ile. Huyu naye! Nani kamuuliza?

Jumatano, 6 Machi

Nimeanza kuandika hotuba. Kumbukumbu tele.

Mwaka 1988. Ililetwa na lori, maboksi manne. Kioo kizito, kilihitaji wanaume wawili. Kibodi yenye vitufe vinavyolia kama mtu anatafuna karanga. Sanduku lenye midomo miwili ya kumeza diski. Printa, ambayo hatukuiwasha hata siku moja. Na diski zenyewe! Nyeusi, pana, nyembamba, ukiipepea inalegea. Leo ukiwaambia watu kwamba diski nzima isingebeba hata picha moja ya simu zao, wanacheka. Wacheke. Wao simu zinabeba picha elfu nne, zote za chakula.

Hakukuwa na kipanya. Hakukuwa na rangi. Herufi za kijani kwenye giza, na ukitaka faili liwe na jina, lisizidi herufi nane. Mkuu wa ofisi aliizunguka mara mbili, akauliza mvua inaingilia wapi. Mtu na digrii yake!

Tuliambiwa inaogopa vumbi. Nikaandika masharti saba, nikayabandika mlangoni. La kwanza, kuvua viatu. La pili, kutokohoa. La tatu, kutopiga chafya ukiwa umeielekea. Mengine manne yalirudia hayo matatu kwa ukali zaidi. Mkuu naye alivua viatu. Soksi yake ilikuwa na tundu, kidole gumba kikatuchungulia ofisi nzima. Mke wangu akaishonea mashine kava kwa kitambaa kilichobaki cha pazia la bafuni kwetu, maua ya njano.

Lakini jambo kubwa ni kufuli. Mbele ya sanduku palikuwa na kitundu cha duara na ufunguo wake mdogo. Ukifunga, kibodi inakufa ganzi. Bonyeza mpaka vidole viote sugu, haiandiki kitu. Ufunguo ulikuja mmoja tu. Nikauvaa shingoni.

Shemeji alipelekwa kozi ya wiki mbili. Akarudi na cheti, kichwa kimevimba. Akaomba ufunguo. Nikamwambia aandike barua. Akaandika. Nikamwambia barua yake inapitiwa. Inapitiwa mpaka leo.

Miaka sita nimeitunza mashine ile bila mkwaruzo hata mmoja! Taarifa za mvua zilitoka kwa wakati kila Ijumaa, kwa taipureta, kama zamani. Usumbufu pekee ulikuwa seremala wa nyuma ya ofisi. Msumeno wake ulikuwa unalia kri-kri-kri kila Ijumaa nikiwa kwenye chai. Nilishamwandikia barua kali mara tatu. Hakujibu hata moja. Jeuri.

Mwaka 1994 zikaja mashine mpya zenye kipanya. Hazina kufuli. Kompyuta bila kufuli! Nilijua hapo hapo kwamba mambo yameharibika. Nikaifunga ile ya kwanza kwa mara ya mwisho, ikapelekwa stoo, ufunguo nikaondoka nao.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda chuoni. Kumbe Mwalimu ni mtu mfupi, anavaa miwili miwili: miwani miwili, moja machoni na moja kichwani. Chumba cha maonyesho kina meza ndefu. Mashine zimepangwa kwa umri kama wanafunzi mstarini, kutoka masanduku mazito mpaka zile za kubebwa kwapani. Yetu imewekwa mwanzo kabisa. Nilipoiona roho ilinishtuka, sifichi. Kava limeliwa na panya. Maua yamebaki matatu.

Fundi wa chuo kabadilisha kitu fulani ndani, kaiwasha. Imewaka! Herufi zile zile za kijani. Lakini kibodi haijibu. Fundi anabonyeza, anakuna kichwa, anabonyeza. Kachomoa waya, kachomeka. Wapi! Mtu mzima na bisibisi zake kumi na mbili.

Nikajitia hamnazo kwanza. Nikamwacha atoke jasho. Halafu nikasema polepole kwamba imefungwa. Kwa ufunguo. Na kwamba ufunguo uko kwa mtu mmoja tu duniani.

Mwalimu alinitazama kwa miwani yote miwili. Nikampa masharti. Moja: picha ni yangu, peke yangu. Mbili: hotuba dakika arobaini. Tatu: shemeji aketi safu ya tatu, si mbele ya hapo. Mwalimu kakubali yote, ila hotuba kaipunguza iwe dakika tano. Nimekubali kwa mdomo.

Nimerudi nyumbani natembea kama waziri.

Ijumaa, 8 Machi

Ufunguo haupo!

Nimemwaga bati la vifungo. Nimetoa droo zote. Nimepekua suti ya harusi, mfukoni nimekuta tembe moja ya kichwa na karanga. Nimemshuku mke wangu waziwazi. Kaendelea kuanua nguo bila kugeuka. Kaniuliza ni ufunguo gani, ule mdogo wa duara? Nikamwambia huo huo, ufunguo wa kihistoria. Kasema nikaangalie bafuni.

Uko kwenye kamba ya pazia! Kautundika chini kama uzito ili kamba isipeperuke. Tangu lini? Kasema tangu niliporudi nao mwaka ule, maana niliuacha kwenye sabuni. Miaka thelathini historia imekuwa inaoga pamoja na sisi.

Umeota kutu kidogo. Nimeupaka mafuta ya kupikia. Si neno.

Jumapili, 10 Machi

Tatizo dogo. Sijawahi kuandika kwenye kompyuta ile. Kuitunza ni jambo moja, kuibonyeza ni jambo jingine, na mimi nilikuwa ngazi ya juu zaidi. Lakini watu wa maonyesho watataka kuona vidole vinatembea.

Nimechora kibodi kwenye boksi la viatu. A, B, C, D, mpaka Z. Nimefanya mazoezi tangu asubuhi. Kufikia saa sita nilikuwa naandika jina langu bila kuangalia.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Hana hodi. Eti kaleta mboga. Kaliangalia boksi, kaniangalia mimi, kakaa chini akacheka mpaka kilemba kikalegea. Kauliza nani kaniambia herufi zimepangwa kwa foleni namna hiyo. Kawaita na majirani? Hapana, hapo alinisitiri. Kamwita dada yake tu. Wakacheka wawili.

Halafu akawa mpole, jambo ambalo ni baya zaidi. Kasema shemeji yangu, picha chukua wewe, mimi ya nini na uzee huu. Yeye anachotaka ni kuona kama diski yake bado inasomeka. Anayo nyumbani, ndani ya bahasha, tangu mwaka 1994. Kasema yeye ndiye aliyekuwa anaingiza mvua ya kila siku, na siku nyingine akikaa peke yake anajiuliza kama mvua zile bado zipo mahali.

Mvua zipo mahali! Sikumwelewa. Na diski kaitoa wapi, kama mashine ilikuwa imefungwa? Lazima ni ile ya mazoezi ya kozi. Nikamwonea huruma, maskini, anatunza daftari tupu.

Kanielekeza bila kuombwa: usikurupuke kubonyeza, kwanza diski ya kuwashia, subiri herufi A itokee, ndipo utoe hiyo uweke yako. Nikamwambia najua. Nikaenda bafuni nikaandika yote kwenye mkono.

Jumatano, 13 Machi

Huruma imekwisha. Nimefikiri: shemeji akiwepo, hata safu ya tatu, ataangalia vidole vyangu. Atacheka. Akicheka yeye mke wangu atacheka, na mke wangu akicheka ukumbi mzima unafuata, namjua. Hatakiwi awepo.

Nimempigia simu. Nimemwambia maonyesho yamesogezwa mpaka Jumapili. Kashukuru. Kasema Mungu anibariki kwa kumkumbuka. Kazi safi, dakika moja na nusu!

Baada ya robo saa kanipigia yeye. Kasema amemuuliza Mwalimu, maana Mwalimu humpigia kila jioni kuhusu diski, na Mwalimu kasema ni Jumamosi ile ile. Kwa hiyo anaona nimekosea, nisije nikaenda siku isiyo yangu nikakuta milango imefungwa. Kaniambia niandike mahali pa kuonekana. Ama ni mjinga au ananisanifu. Nimeamua ni mjinga.

Mke wangu amesikia yote. Chai ya jioni nimeletewa ya baridi, bila sukari, na kikombe kikatuliwa mezani kwa namna fulani.

Jumamosi, 16 Machi

Niandike upesi kabla hasira haijapoa.

Ukumbi umejaa. Wanafunzi, wazee, wapiga picha wawili. Mashine yetu mezani, na juu ukutani kioo kikubwa cheupe, kila kinachotokea kwenye mashine kinaonekana juu kwa watu wote. Wazo la Mwalimu. Nilimwambia ni ubadhirifu wa umeme, hakusikia.

Shemeji alifika mapema. Safu ya tatu, kama nilivyoagiza. Alivua viatu mlangoni! Ukumbi mzima watu na viatu vyao, mimi na buti zangu za ngozi, yeye peku na bahasha yake mapajani. Kujipendekeza.

Nilihutubia. Nimefika mwaka 1989, dakika ya ishirini na tano, Mwalimu akaanza kupiga makofi katikati ya sentensi na watu wakamfuata. Nikauinua ufunguo juu. Kamera zikalia. Nikauingiza.

Haugeuki.

Nikauchomoa, nikaupuliza, nikaurudisha. Haugeuki! Nikageuza kwa mikono miwili. Fundi akasogea na bisibisi, nikamfukuza kwa kiwiko. Jasho likanichuruzika mpaka kwenye maandishi ya mkononi, herufi A ikafutika. Mtu mmoja nyuma akakohoa, sharti la pili.

Ndipo nikasikia nyayo. Shemeji kasimama, kapita katikati ya watu peku, kafika mezani. Kaniomba radhi, kwa adabu kabisa. Kapeleka mkono chini ya kilemba, kachomoa pini ya nywele, kaingiza, kapindisha kidogo kushoto.

Tak.

Pini ya nywele! Hata sekunde tatu hazikufika. Watu wakalipuka kwa makofi. Shemeji akasema, kama mtu anayeongea na sufuria yake jikoni, kuwa mkono bado unakumbuka.

Bado unakumbuka?

Kaweka diski ya kuwashia. Mashine ikanguruma, A ikatokea. Kaitoa, kaweka ya kwake. Kabonyeza. Orodha ikashuka kwenye kioo, kijani, mistari na mistari: MVUA88, MVUA89, MVUA90, mpaka 94. Shemeji kajifunika mdomo kwa kanga. Kasema zipo. Mara tatu, zipo, zipo, zipo. Mke wangu safu ya mbele alikuwa anafuta macho.

Hapo ingetosha. Lakini Mwalimu, na miwani yake, akaona faili la mwisho chini kabisa. Lilikuwa linaitwa UFUNGUO. Akauliza ni nini hicho. Shemeji akasema hicho acha tu. Ukumbi ukasema afungue. Na mimi, mimi mwenyewe, nikasema afungue! Nilidhani ni barua yake ile ya maombi.

Nanakili kama nilivyoona, maana nimekwisha kuikariri hata nisipotaka.

"Tarehe 9. Shemeji kafunga saa mbili kamili. Nimefungua saa mbili na dakika tano. Mvua milimita 14. Nimefunga tena kabla hajarudi."

"Tarehe 10. Kafunga, kaenda chai. Nimefungua. Mvua hakuna."

"Tarehe 11. Kafunga mara mbili, kavuta kuhakikisha. Nimefungua. Milimita 3."

"Ijumaa. Nimechapa taarifa kwenye printa, kri-kri-kri, shemeji yuko chai. Kalalamika tena juu ya seremala. Barua yake kanipa mimi niipeleke. Ninazo tatu."

Miaka sita! Kurasa na kurasa! Watu walikuwa wamelaliana. Fundi alikaa chini sakafuni. Mwalimu kavua miwani yote miwili. Na nani alikuwa anacheka kwa sauti kubwa kuliko wote? Nilishasema, namjua.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari michache. "Leo mashine inaondoka. Shemeji kasimama hapo mlangoni muda mrefu. Kaniambia haikuwahi kuguswa na mtu. Nimemwambia ni kweli. Mvua hakuna."

Watu wakaacha kucheka. Shemeji akanishika mkono, akasema wampige picha lakini si peke yake, shemeji yake naye asimame hapo hapo. Nikasimama. Nikakohoa mara mbili, nadhani vumbi la lile kava.

Maandishi ya chini ya picha Mwalimu kayabandika jioni ile ile: "Mtumiaji wa Kwanza, na Mtunza Ufunguo."

Yaani mimi ni "na".

Jumatatu, 18 Machi

Nimelitafakari jambo hili siku mbili na sasa naliona vizuri. Kosa halikuwa langu. Kosa ni kutu. Ufunguo ungetunzwa mahali pakavu, ungegeuka, na faili lile lisingefunguliwa na yeyote. Nimemwambia mke wangu hivyo. Kaniomba nipishe afagie.

Lakini sasa mambo yamegeuka! Jana jioni Mwalimu alinifuata nyumbani. Nadhani kanionea aibu. Kasema maonyesho yanaendelea wiki nzima, na wangependa mtu mzima, mwaminifu, mwenye uzoefu, awe anafungua chumba kila asubuhi saa mbili. Kanikabidhi ufunguo. Mpya, mrefu, wa kufuli kubwa la shaba. Hauna kutu hata chembe. Nimeutia kamba, nimeuvaa shingoni.

Sasa ni saa tano. Sijakwenda. Niko barazani na chai yangu, ya moto. Shule mbili zilitakiwa kufika saa tatu. Wako nje ya mlango, wanapigwa na jua, Mwalimu anakimbia huku na huku. Muda si mrefu atatokea hapa ananyenyekea. Masharti nimekwisha kuyaandika. Moja: neno "na" liondolewe. Mbili: jina langu lianze. Tatu: hotuba nimalizie, kuanzia mwaka 1989.

Saa saba. Bado hajatokea. Anajikaza. Tutaona nani atachoka kwanza.

Saa nane. Mke wangu karudi. Kumbe alikwenda chuoni, bila kuniaga. Kasema maonyesho yamefana, shule zote mbili zimekuja, watu wamejaa chumbani mpaka mlangoni, shemeji kawaonyesha mvua ya siku waliyozaliwa wazazi wao. Nikamuuliza, kwa utulivu, chumba kilifunguliwa na nani. Kagusa nywele zake, kacheka, kaingia jikoni.

Anatia chumvi. Chumba hakijafunguliwa na hakiwezi kufunguliwa. Ufunguo ninao mimi.